Tafsida Uliyotufundisha

Mama,

Wanafunzi wako wa twisheni bado wanakuja hapa barazani kwetu Boko kila Jumamosi. Niliwaambia watafute mwalimu mwingine, wakagoma. Basi nawafundisha mimi, kwa madaftari yako.

Juzi tulifika kwenye tamathali za semi. Tashbiha na sitiari zilikwenda vizuri. Kwenye tashihisi niliwapa mfano wako wa jiko la mkaa linalonuna asubuhi, wakacheka. Kwenye mubalagha nikakumbuka siku nilipolalamika kwamba nimekuita mara elfu, nawe ukanijibu: "Mubalagha! Umeniita mara mbili." Nikacheka na mimi.

Halafu ikaja tafsida. Nikaomba mfano. Neema, yule anayekaaga mbele, akasema polepole, "Mwalimu wetu ametutoka." Hakuna aliyeandika.

Mama, siku ile mama mdogo alinipigia kazini. "Mama yako anaumwa kidogo, njoo nyumbani." Nikapita sokoni kukununulia machungwa, nikachagua yale yenye ganda jembamba unayoyapenda. Nafika kona ya kwetu, naona turubai limefungwa na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa bado nimeshika ule mfuko walipokuja kunidaka. Najua ndivyo tunavyopeana habari za msiba, lakini nilimchukia mama mdogo siku ile. Chungwa sijala tena.

Na sasa mimi nafanya vibaya kuliko yeye. Bibi, mama yako mzazi, hajui. Ndugu walikaa kikao wakasema presha itamwondoa, tukakuzika huku huku Dar, na yeye yuko Singida anakusubiri. Kila Jumapili anapiga simu. "Mwanangu yuko wapi? Mbona hanitafuti?" Namwambia uko kwenye kusahihisha mitihani. Jumapili iliyopita akasema, "Kama nimemkosea, mwambie anisamehe."

Nilikata simu. Nililia mpaka nikashindwa kupika.

Wewe ulituambia: "Tafsida inapunguza ukali wa neno, haifichi jambo. Msikilizaji asipoelewa, huo ni uongo." Niliwasomea wanafunzi maneno hayo kwa sauti, na aibu ikanishika mbele yao.

Kesho nakwenda Singida. Mama mdogo amenuna, anasema Bibi akianguka ni juu yangu. Naogopa, Mama. Naogopa sana. Lakini siwezi kumwacha mzee wa watu aendelee kudhani mwanawe amemsusa.

Nitampa shikamoo yake, nitakaa naye kwenye mkeka, nitamshika mikono. Nitamwambia umetutoka. Asiponielewa, maana masikio yake unayajua, nitamwambia umekufa. Kisha nitabaki naye alie, hata kama ni wiki nzima.

Pumzika, Mama wangu. Nakuahidi sitamwambia unaumwa.

Na machungwa sibebi.