Gari la Kijivu la Bwana Roger

Baraka, Ijumaa, mwezi wa kumi 1956

Kwa yaya Idi, kaka yangu mkubwa mpendwa, huko Albertville,

Salaamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Rehema na watoto wote. Je, kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila moyo wangu haukai mahali pake, na karatasi hii itakueleza kwa nini.

Unajua mwaka jana tulivyompoteza mtoto. Siti alishikwa na uchungu hapa nyumbani, tukambeba mabegani kwenye tipoyi kumpandisha Fizi hospitalini, na mtoto akazaliwa mlimani, njiani, wala hakulia. Sasa Siti yuko tena karibu kujifungua. Tangu mimba ilipoonekana niliapa kwamba safari hii mke wangu hatapanda mlima ule mabegani mwa watu. Nilivua ndakala ziwani, nikakausha, nikauza, hata shati sikujinunulia. Nilitaka gari.

Nililipata Fizi kwa Bwana Roger, Mbelgiji mnunuzi wa pamba, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya. Ni gari la kijivu: mbele viti viwili, nyuma sanduku la bati lenye mlango, halina dirisha. Nilikwenda na rafiki yangu Fabien, shofa wa siku nyingi aliyenifundisha kuendesha. Akaniambia kabla ya kupiga hodi nishike kwanza kapo, lile bati la juu ya injini, maana muuzaji mjanja huwasha injini mapema ili isimwaibishe mbele ya mgeni. Kapo lilikuwa baridi. Fabien akazungusha chuma cha manivela, injini ikaitika hapo hapo. Akalala chini kutafuta mafuta yanayovuja, akakuta vumbi kavu. Tukalipandisha mlimani, halikukohoa.

Basi tukaanza kupatana. Nilitaja bei ya aibu, yaya, bei ya kufukuzwa uani, nikitegemea yeye ashuke na mimi nipande hadi tukutane. Bwana Roger alitazama chini akasema sawa. Alisema sawa! Fabien alinikanyaga mguu kwa furaha. Mimi nilimuuliza Bwana Roger mbona amekubali upesi hivyo. Alijibu kwamba amelitangaza gari hilo kila mahali na hakuna aliyetaka hata kuligusa, kisha akanipa ufunguo bila kunitazama machoni.

Sababu niliijua nilipofika Baraka. Sokoni akina mama waliacha mihogo yao chini, wakakimbia. Mama mukwe alikuwa amekwisha kuja kutoka Lubondja kumtunza Siti, naye alipoliona tu akajifunika uso. Alisema ndilo lile gari la batumbula, wale wanaosemekana kukamata watu njiani na kuwapeleka kwa Wazungu wakaliwe. Kwao Lubondja mtu akisikia mlio wake anaingia porini. Mimi nilicheka, nikasema hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Siti hakucheka. Alisema, “Mi siwezi ingia mule,” afadhali azalie jikoni.

Nilibembeleza hadi nikachoka. Mwishowe mama mukwe akasema yeye ni mzee, watoto wake ameshazaa. Ataingia yeye kwanza, nimpeleke Mboko na kumrudisha, na akirudi mzima binti yake atapanda. Lakini unaijua heshima yetu: mama mukwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Kiti cha mbele hakikuwa chake. Ilibidi akae nyuma, ndani ya sanduku lile, gizani. Aliingia akitamka shahada, viatu vyake mkononi. Mlango niliufunga mimi, kwa nje, kwa sababu kwa ndani hauna kitasa.

Njia nzima nilikuwa nagonga bati kwa ngumi, naye anagonga kunijibu. Tulipopita Lusenda nikagonga, kimya. Nikagonga tena, kimya. Nilisimamisha gari nikaufungua mlango, nikamkuta amesinzia. Alinigombeza kweli kweli, eti namwamshia nini! Tuliporudi nyumbani alishuka, akajipangusa vumbi, akamwambia Siti, “Iko motokari tu. Inanuka pamba.”

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla ya safari ile ya Mboko nilikuwa nafagia ndani ya sanduku, na katika ufa wa mbao za chini nikakuta shanga, zile ndogo anazofungwa mtoto mchanga kiunoni. Uzi ulikuwa umekatika. Bwana Roger hakuwa na mke huku, wala mtoto. Nilipanda Fizi kumuuliza, nikakuta nyumba tupu, amekwisha ondoka. Nilimfungia mama mukwe mlango ule shanga zikiwa mfukoni mwangu, na nikanyamaza. Labda kuna mama aliyepakiwa kupelekwa hospitalini, kama ninavyotaka kufanya mimi. Najiambia hivyo nikila, najiambia hivyo nikiswali. Halafu naukumbuka mlango usio na kitasa. Mimi niliyewacheka wenzangu, ndimi ninayeogopa kuliko wote nyumbani humu.

Nilitaka unishauri, lakini jibu lako halitaniwahi. Tangu alfajiri Siti ana uchungu. Namalizia barua juu ya kapo, Fabien amesimama hapa anaingojea aikimbize kwenye boti. Msalimie shemeji, wabusu watoto, tuombeeni dua nyote. Nilikuwa nimekata shauri kuwaita watu wa tipoyi, liwe liwalo. Sasa hivi nimeinua macho: Siti ameshaingia nyuma na mama yake, amejilaza kwenye mkeka, hakungoja kushikwa mkono. Ananiita nije nifunge mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Yunusu