Pombe Mdomoni mwa Danieli

Jumanne, 3 Machi 1964
Nimefua vitambaa vya mtoto, mvua imevilowesha tena. Danieli analia tu. Ziwa hataki. Hospitalini Tororo wamesema hana homa wala nini. Mama mkwe amekuja kutoka Busitema kutusaidia. Akamtazama, akasema, "Hapana mgonjwa huyu. Analilia jina. Marehemu babu yake anataka aitwe yeye." Kwao Wateso mtu huchovya kidole kwenye pombe ya ulezi, mtoto akinyonye huku wafu wanatajwa. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Yokana, mume wangu, mhubiri, akamkata kauli: "Mama, aliyeokoka hatendi dhambi. Hata chembe." Namheshimu. Namwogopa pia.

Jumatano, 4 Machi
Kilio. Ugali umeungua. Namfikiria baba mkwe. Alikufa akiomba pombe. Yokana alimpa maji, akamsomea Zaburi. Mzee akageukia ukuta. Leo mtoto naye kageukia ukuta. Nimekemea kwa jina la Yesu. Bado naogopa.

Ijumaa, 6 Machi
Nimerudi kisimani, nyumba kimya. Nikatupa mtungi. Nilidhani amekufa! Kumbe amelala. Mdomo wake unanuka pombe. Nikapiga kelele, nikamtaja mama mkwe kabla sijafikiri. Yokana alikuwa ameketi pale pale. Akamwambia mama yake afungashe. Mama hakujitetea. Alimtazama mwanawe, akajifunga kitenge, akaondoka kwa miguu kwenye tope. Danieli alipoamka amenyonya mpaka akacheua. Nimefurahi, na furaha yenyewe inanitisha.

Jumamosi, 7 Machi
Nilikuwa nyuma ya nyumba nachanja kuni. Dirisha wazi. Yokana anamwambia mtoto, sauti ya chini: "Baba, tulia sasa. Nimekupa. Usinijie tena."

Baba! Anasema na marehemu baba yake. Shoka likanitoka mkononi. Ni yeye aliyempa pombe. Kamfukuza mama yake kwa kosa lake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemtaja. Mdomo wangu umeponza kichwa cha mwingine. Nina hasira. Kesho ni siku ya ushuhuda kanisani. Nikisema, uhubiri wake umekwisha, na chakula chetu pia. Nisiposema, mama wa watu ataitwa mchawi kanisa zima.

Jumapili, 8 Machi
Yokana alisimama wa kwanza. "Tangu niokoke, sijatenda dhambi." Wakaimba kwa makofi. Alikuwa amekonda usoni. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Mimi nimetenda. Nimemsingizia mama mkwe. Siye aliyempa mtoto pombe." Mzee wa kanisa akauliza, nani basi? Nikaketi. Sikumtazama mume wangu. Nilimsikia akipumua.

Tangu turudi hajala.

Jumanne, 10 Machi
Jana Yokana alikwenda kwa wazee wa kanisa, akasema yote. Hatahubiri tena. Leo alitoka alfajiri kwa baisikeli, amerudi na mama nyuma. Mama akanawa mikono, akambeba mtoto. Yokana akabaki mlangoni kama mgeni. "Mama, nimekukosea. Nilidhani siwezi kukosa tena."

Mama hakuinua hata macho. "Ingia ule, mwanangu. Hata wewe ni mtu."

Nikaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.