Kibo cha Kahawa Kimemwendea Joyness

Ihembe, Karagwe,
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa dada Agnetha,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yenu ya mwezi huu? Mguu wa shemeji unaendeleaje, ameshaacha fimbo? Sisi hapa tu wazima, ukiondoa mikono yangu, na roho yangu, ambayo nayo haina afya sana kama utakavyoona. Sikukupigia simu kwa sababu simu yangu inapaza sauti na wifi yetu Joyness anakaa ukuta wa pili. Haya si ya kusikiwa naye.

Kahawa tunavuna, uani hakuna pa kukanyaga. Ndizi zipo za kutosha.

Ule ugonjwa wa ngozi niliokudokezea Krismasi bado ninao. Ulitoka kwa yule ndama aliyenyonyoka manyoya shingoni. Mimi na Joyness ndio tuliokuwa tunamshika ndama huyo mama yake akikamuliwa, na wiki moja tu mabaka ya duara yakatutoka wote wawili mikononi, yanawasha usiseme. Tulianza pamoja, dada. Lishike hilo.

Joyness alipanda bodaboda akaenda hospitali ya Nyakahanga wiki ileile, akapona. Mimi nikaona fangasi si ugonjwa wa kumsumbulia daktari, nikanunua tyubu ya dawa gulioni Nkwenda. Siku tatu muwasho ukapoa, nikaacha kupaka. Ukarudi. Nikapaka, ukapoa, nikaacha. Nimecheza mchezo huo mpaka Pasaka, mabaka yakapanda hadi kwenye viwiko na kucha mbili zikageuka manjano. Nilipokwenda hospitali hatimaye, nesi aliniambia tyubu ile ilikuwa inazima wekundu na muwasho tu huku fangasi wanajichimbia. Sasa nameza vidonge na kupaka dawa nyingine, na nimeonywa nisiache hata ngozi ikionekana safi. Ndizi namenya kwa glavu, utadhani nafanya upasuaji.

Muwasho nimeuzoea. Nisichozoea ni habari ya kahawa. Unajua nyumba hii: mgeni hajakaa sawa, nimeshampelekea kibo, kile kikapu chetu kidogo, cha kahawa ya kutafuna. Siku hizi wakiona vidole vyangu wanasema wametoka kutafuna kwa jirani. Hata mzee Mutalemwa, ambaye hajakataa cha bure tangu azaliwe, alikataa. Joyness akakichukua kibo hichohicho, akamzungukia kwa upande wa pili, na mzee akachota kiganja kizima.

Sasa wakwe wa Ainebyona wanakuja tarehe tatu Agosti. Binti wa kaka yetu, na kahawa ya kuwapokea wakwe hutoka mkononi mwa shangazi. Nimeisubiri siku hiyo tangu mtoto yule anaota meno. Kwenye kikao cha ukoo, kaka Byarugaba akatazama mikono yangu, akatazama chini, akasema safari hii kibo atashika Joyness. Joyness! Mke wa mdogo wetu Adelard, aliyeingia boma hili juzijuzi. Wote wakaitikia haraka kama waliokwisha kupanga.

Nina wivu, dada. Namwonea wivu ngozi yake, namwonea wivu anavyotumbukiza mikono kwenye maji bila kufikiri. Akicheka na wageni natoka nje. Nilikaa nikakuandikia barua ya kukuomba uje umnyang'anye kibo, kwa kuwa nawe ni shangazi. Ile nimeichana, na sababu ni hii.

Jumanne aliniomba kitenge changu cha kijani avae msibani. Ndicho ninachojifunga kila siku nikishapaka dawa, na nilikuwa nacho mwilini. Nesi alinikataza kabisa kuchangia nguo. Nilikifungua palepale, nikamkunjia, nikampa. Sikusahau, Agnetha. Nilijua ninachofanya. Nilitaka naye awe na mabaka tarehe tatu.

Siku nzima nilijisikia mshindi. Kesho yake nikaanza kuogopa, maana ananyonyesha, na mtoto wake hulala kifuani kwake. Nikapitia uani kwenda kwake kukidai, nimeshatunga uongo wa kusema. Nikamkuta anakipiga pasi, hajakivaa, na sufuria kubwa bado liko mekoni linatoa mvuke.

"Nimekuchemshia kwanza, wifi," akasema. "Huwa nakuchemshia zote. Nesi aliniambia akipona mmoja ndani ya boma, hajapona mtu."

Dada, tangu Pasaka ndiye anayenifulia kwa sababu ya mikono yangu, nami nimekuwa nikimsema kwa Benadeta wa jirani kwamba ananipaushia nguo makusudi. Kumbe ni maji ya moto. Niliketi kwenye kinu nikamtazama anavyonyoosha pindo la kitenge changu, nikashindwa kumwambia. Mpaka leo sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Usifikiri wivu umeniisha. Umeongezeka, maana sasa namwonea wivu hata moyo wake, na hospitali hawana tyubu ya hilo. Lakini nimekwenda kwa Byarugaba kwa miguu yangu nikamwambia kibo kibaki kwa Joyness, na kwamba kahawa yenyewe nitamwelekeza namna ya kuichemsha, maana anaiivisha mno.

Msalimie shemeji na Ambrose wetu, umwambie mama yake mdogo anamwombea mtihani. Kaka Byarugaba na Adelard wanakusalimu, na Ainebyona anasema usipokuja haolewi. Mungu akulinde njiani na kwenye ngazi za huo mlima mnaokaa.

Nawe uje, tafadhali. Kibo usikiguse. Njoo ukae ubavuni mwangu siku hiyo, ili wakwe wakianza kuisifu mikono ya Joyness, niwe na mtu wa kumfinya.

Mdogo wako anayekupenda na asiyekuficha kitu,
Dafroza