Wakikuuliza, Usiseme Hajambo

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, miguu imepungua kuvimba, na dawa ya presha unaimeza hata siku ambazo hujisikii vibaya. Kwa upande wangu, hapa ndipo ningeandika kuwa mimi ni mzima. Leo sitaandika hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu tutasalimiana kwanza, na tukimaliza nitakuwa nimeshakuambia salama mara tano, kisha nitaona haya kurudi nyuma. Basi naandika, tena nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, maana kukaa kitini kunanishinda baada ya dakika chache.

Ajali yenyewe unaijua. Tulikuwa tunarudi kazini huku Singida baada ya likizo, mimi na mwalimu mwenzangu, kwenye gari lake. Pale Vigwaza alisimama kuwapisha watoto wa shule wavuke, na pikapu iliyokuwa nyuma yetu haikusimama. Askari wa barabarani alipima, akaandika kosa ni la pikapu, na hilo hakuna anayelibishia. Kinachobishiwa ni mgongo wangu.

Kampuni ya bima ya ile pikapu imenijibu. Wameandika kwamba mdai mwenyewe, alipopigiwa simu siku ya nne, alisema hajambo na anaendelea vizuri, kwa hiyo madai ya kuumia mgongo hayana msingi. Niliusoma mstari ule hadi nikaikumbuka simu yenyewe. Wewe ulikuwa hujafika bado huku Singida kuniuguza. Nilikuwa nimelala sakafuni juu ya mkeka, na sauti ilikuwa ya mtu mzima, nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza hujambo, nikasema sijambo. Akauliza naendeleaje, nikasema vizuri, namshukuru Mungu. Nilikuwa nangoja salamu ziishe ndipo nimweleze. Akashukuru, akakata.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisini kwao Dodoma. Aliyenipokea ndiye mwenye sauti ile, mzee mpole wa rika la marehemu Baba.

"Lakini binti, ulisema hujambo," aliniambia, kidole kikiwa juu ya faili.

"Ulinisalimia."

"Nilikuuliza hali."

"Ulinisalimia, mzee wangu. Ningekujibu maumivu kabla salamu hazijaisha?"

Akauliza kwetu ni wapi, nikamwambia Bagamoyo. Akacheka. "Ninyi watu wa Pwani, mtu yuko ndani ya jeneza, ukipiga hodi anaitikia salama." Hata mimi nilicheka, na kicheko kikanichoma kiunoni mpaka nikashika meza yake. Aliona. Nadhani ndiyo sababu hakulifunga lile faili.

Alinisogezea karatasi. Ningesaini, ningelipwa kiasi cha kununulia dawa za maumivu, na nisingedai tena maishani. Sikusaini. Daktari amesema nahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi, na huenda upasuaji, na mshahara wangu haufiki huko. Sasa nafundisha nimeegemea ubao kwa bega, wanafunzi wanadhani ni mbwembwe. Nikiendelea hivi nitalipoteza darasa langu, na sikusoma hesabu miaka yote ile ili nije kulipoteza darasa kwa sababu ya adabu.

Mzee akasema picha za hospitali zinaonyesha pingili mbili za chini za uti wa mgongo zimeumia, ila hazisemi ninaishije. Anamtaka mtu aliyeniona majuma ya mwanzo. Nikakutaja wewe. Akanitazama kidogo.

"Na nikimtuma mtu kwa mama yako, akamuuliza hali yako, atajibu nini?"

Mama, nilikumbuka siku mkuu wetu wa shule alipokuja kunitazama, ukamjibu mlangoni, "Hajambo, anajinyoosha tu," nami nyuma yako nimelala chali, siwezi hata kugeuka nimwamkie. Sikulaumu. Ulikuwa unanistiri, kama ulivyonistiri tangu utotoni. Lakini sitara hiyo sasa inaisaidia pikapu.

Mtu wao atafika hapo nyumbani Zinga kabla mwezi haujaisha. Msalimiane vizuri, mpe chai. Kisha, asipouliza, anza wewe. Mwambie ulinivalisha soksi kwa wiki tatu. Mwambie nilipiga chafya nikapiga na ukelele, mwalimu wa nyumba ya pili akaja mbio. Mwambie ulinibana kidole gumba cha mguu wa kushoto ukaniuliza kama nasikia, nikasema sisikii, ukageuza uso. Nilikuona ukigeuza uso. Usiongeze neno, wala usipunguze.

Najua unachokiogopa, ingawa hujakitamka. Mama Rukia aliyeleta posa kwa ajili ya mwanawe amekuwa akiniulizia, na wewe umemwambia nimepona. Nimelifikiria hili siku nyingi kuliko hata lile faili. Naomba siku hiyo umwalike naye aje, akae hapo barazani, asikie kila kitu kutoka kinywani mwako. Posa ikivunjika, ivunjike. Siwezi kuingia nyumba ya watu halafu kila asubuhi, kwa miaka yote, niamke nikiwadanganya kuwa sijambo.

Nisalimie kaka, na mkewe aliyejifungua juzi. Shangazi mwambie kanga zake zimefika na ile moja ndiyo ninayojifunga kiunoni ninapolala. Bibi mzaa Baba mbusu mikono kwa niaba yangu, naye ukimwona anasikiliza, mweleze pia.

Mwanao anayeumwa,

Mwanaidi