Baba Acheke Pande Zote Mbili

Jumanne usiku, Busanza.

Mzee huyu ni mkaidi! Ametoka salama chumba cha upasuaji, halafu anamnunia daktari aliyemtibu.

Usaha wa sikio aliouvumilia tangu tukiishi Tanzania ulikuwa umeshaanza kula mfupa ulio nyuma ya sikio. Daktari alitueleza wiki iliyopita kwamba ndani ya mfupa huohuo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukijeruhiwa, mdomo unakwenda upande. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Kama sikio litasikia tena, bado hatujui.

Leo alipozinduka, daktari akamwomba atabasamu, aone kama pande zote za uso zinacheza. Baba, kichwa kimezungushwa bandeji, akamkazia macho. "Nicheke nini, mwanangu? Kuna harusi hapa?"

Daktari akaomba tena. Baba akaibana midomo. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na dripu. Hofu yangu ikageuka hasira. "Basi nuna, baba! Lakini nuna pande zote mbili, tuone!"

Akacheka. Baba yangu, ambaye maisha yake yote akicheka huziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofundishwa na mama yake. Pembe zote mbili za mdomo zikapanda sawasawa, meno yote nje, na ule mwanya wake...

Akauvuta mkono ajizibe.

Sikuuachia.