Mlinzi Mmoja, Mablanketi Laki Nne

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia masijala, mlango nimeuwekea kiti, wenzangu wanadhani natafuta jalada. Nisaidie, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na yule mmoja ambaye ningemwambia ndiye huyo huyo ninayemkimbia.

Mimi ni mtakwimu. Kazi yangu ni kuhesabu viwanda vya nguo vya nchi hii vinatoa nini kila mwaka, nikilinganisha na mwaka uliopita na wa kabla yake, mpaka tupate mstari mmoja mrefu unaoonyesha kama tunapanda au tunashuka, na kwa ofisi yetu, Shangazi, mstari ukishuka hakuna anayeuliza kwa nini, wanauliza nani. Kila mwaka tunatuma dodoso kiwandani, meneja anajaza mmetengeneza nini na mko wangapi, anarudisha, basi. Sasa kuna kiwanda kimoja cha mablanketi, kilikuwa na watu mia mbili na arobaini na kilitoa mablanketi laki tatu na elfu kumi na sita kwa mwaka, hizo ni hesabu za kweli kabisa, nilizihakiki mwenyewe, na miaka sita iliyopita kikafungwa. Tukaambiwa ni kwa muda, mitambo inafanyiwa matengenezo. Dodoso halikurudi. Utaratibu wetu unasema kiwanda kisipojibu, chukua hesabu ya mwaka jana, iongeze kwa kadiri viwanda vingine vya nguo vilivyoongezeka, kisha ufuatilie. Nikaongeza asilimia nne na nusu. Mwaka wa pili halikurudi tena, na nilijua vizuri kwamba kiwanda hakijafunguliwa, nikamwendea mkuu wa kitengo nikamwuliza kama niandike sifuri, akanitazama kama mtu aliyeombwa jino lake.

"Sifuri?" akasema. "Na ile ya mwaka jana utaielezaje? Mimi sitaki tundu kwenye jedwali langu."

Nikaongeza nne na nusu nyingine, na mwaka wa tatu nyingine, na wa nne, na wa tano, mkono ukazoea, hadi mwaka huu kiwanda ambacho hakijatoa hata uzi kimefikisha mablanketi laki nne na elfu kumi na moja na mia tano.

Usidhani mimi ni mtu wa kukaa ofisini tu. Mwaka ule wa tatu nilikwenda. Getini nikamkuta mlinzi mmoja mzee, watu wa mtaa ule wanamwita Kamanda kwa sababu ya koti lake la vifungo vya shaba, akanizungusha kote, kuku wamejaa kwenye ukumbi wa kufumia na shati lake lingine limeanikwa juu ya mtambo. Nikamwuliza, "Mzee, wafanyakazi hapa mko wangapi?" Akajibu, "Kwani unamwona mwingine?" Nikaandika: mmoja. Shangazi, katika mstari wote ule wa jedwali hiyo ndiyo tarakimu pekee ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonizamisha.

Maana mwaka huu wakubwa wamesema hawataki tena kujua tumetoa kiasi gani tu, wanataka tija, yaani kile kilichozalishwa ukigawe kwa idadi ya waliokizalisha. Kompyuta haijui kucheka, ikagawa laki nne na zaidi kwa mmoja, na kiwanda cha mablanketi kikawa cha kwanza nchi nzima, wa pili haonekani hata kwa darubini. Nilitegemea mtu atashtuka. Mkuu wa kitengo akaja mezani kwangu uso unang'aa, akasema, "Umeona? Na wengine tukiwaambia wajitume wanatuona wabaya." Alhamisi ya wiki ijayo kuna sherehe pale getini, waandishi wa habari wamealikwa, na Kamanda ameshapigiwa simu aulizwe vipimo vya suti na aandae maneno machache. Akanipigia mimi. "Kijana wangu, wanataka niwaambie siri ya mafanikio. Niwaambie ya kuku?"

Hayo yote ningeyacheka kama si dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea mama alipotutoka, na alifanya kazi katika kiwanda hicho hicho miaka kumi na tisa, kwenye mtambo wa kufuma. Kujumlisha alinifundisha yeye, robota moja mablanketi kumi, marobota saba je. Tangu kifungwe anafua nguo za watu majumbani, na mikono yake, Shangazi, siwezi kuitazama akishika kikombe. Mwaka huu ukatangazwa mpango wa kuwafundisha mitambo mipya watu ambao viwanda vyao vimekufa, kisha wapelekwe kiwanda kingine, ila mtu awe hajatimiza hamsini. Yeye anatimiza hamsini baada ya miezi miwili. Akaomba, akajibiwa kwa barua, akaja nayo kwangu Jumapili, kama kawaida yake, akaniambia nimsomee kwa sauti kwa sababu miwani yake imevunjika mkono. Nikasoma: "Kwa mujibu wa takwimu rasmi, kiwanda ulichokitaja kinaendelea na uzalishaji, na tija ya mfanyakazi wake ni ya juu kuliko viwanda vyote nchini. Kwa hiyo maombi yako hayana msingi." Nilijisomea kazi yangu mwenyewe mbele ya dada yangu, na sauti haikutetemeka.

Akakunja barua. Akasema, "Mdogo wangu, si huko huko kwenye hesabu za nchi ndiko unakofanya kazi wewe? Nitafutie aliyeandika haya. Sitamfanya kitu. Nataka nimwone tu."

Nikamwambia, "Nitamtafuta, dada."

Hiyo ni wiki tatu sasa. Kila asubuhi ananipigia: "Umempata?" Nami namjibu, "Bado, dada, ofisi ni kubwa." Ofisi yetu ina watu kumi na mmoja, Shangazi.

Rufaa inafungwa baada ya siku kumi na mbili, na wanataka karatasi ya ofisi yetu inayosema kiwanda hakifanyi kazi. Nikiiandika hiyo karatasi lazima nirudi nyuma nifute miaka yote sita, na mstari wa nguo wa nchi nzima utashuka, na wataulizana nani. Nimewaza nimtafutie dada kazi ya kufagia hapa ofisini, angalau awe kivulini. Nimewaza pia nimwambie kuwa aliyeandika amehamishwa. Nifanye lipi?

Mimi niliyebanwa na asilimia


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Nne na Nusu, maana nadhani hilo ndilo jina lako hasa,

Kwanza nikupongeze. Nimechukua kalamu nami nikagawa kidogo. Huyo Kamanda wako anatoa mablanketi elfu moja mia moja na ishirini na saba kwa siku, bila kupumzika Jumapili, bila kuugua. Ni blanketi moja kila dakika moja na robo, usiku na mchana, na hapo hapo analinda geti na kulisha kuku. Siku ukikutana naye mshike mkono umpime joto, pengine mzee wa watu anaungua.

Kumbe kazi yote hiyo inafanyika, na mimi sina habari. Nilikuwa na blanketi la kiwanda hicho, lilipochakaa nikaenda dukani kutafuta jingine, mwenye duka akaniambia, "Mama, hayo hayatoki siku hizi, walifunga." Mwenye duka hana shahada ya takwimu. Hana hata kompyuta. Ana rafu tupu, akaitazama, akajua.

Nitakutendea haki. Mwaka wa kwanza hukukosea. Mtu asipojibu unakadiria, na kukadiria ni kazi halali, ndiyo maana mkaandikiwa utaratibu. Lakini utaratibu huo huo, wewe mwenyewe umeuandika kwenye barua yako, unasema ukadirie kisha ufuatilie. Umeshika nusu ya kwanza ukaikumbatia miaka sita. Mwaka wa pili ulikwenda kuuliza, na hilo nalo naliweka upande wako. Ila nakuuliza, ulimwuliza mkuu wa kitengo kwa kuwa hukujua jibu, au kwa kuwa ulitaka mtu wa kumtupia?

Na usiniambie dodoso halikurudi. Dodoso lako lilikuwa linakuja kwako Jumapili, linakaa kwenye kiti chako, mikono imechubuka kwa sabuni za watu. Ulikuwa na shahidi wa miaka kumi na tisa mezani, ukamkaribisha chai, ukarudi ofisini Jumatatu ukaandika kiwanda kimekua. Kisha unajisifu kwangu eti ulikwenda kiwandani. Ulikwenda, ukamhesabu aliyebaki. Wale mia mbili thelathini na tisa ambao hawakuwapo hukuwaona, kwa kuwa kwenye dodoso hakuna mahali pa kuwaandika. Nimekasirika, mwanangu, sikufichi.

Mkuu wako hataki tundu kwenye jedwali. Tundu lipo. Ametandika blanketi juu yake, na blanketi lenyewe halipo. Mngeandika sifuri mapema, mstari ungeshuka, na mtu huko juu angeuliza nguo zimepatwa na nini, pengine angetuma mtu akatazame mitambo kabla kuku hawajahamia. Mstari ukishuka ndipo watu hujua pa kwenda kutazama. Kwa huo wa kwenu uliopanda, miaka sita hakuna aliyekwenda kuuliza kwa nini kiwanda kimekufa, kwa kuwa kwenye karatasi kilikuwa kinashinda mbio.

Sasa tuje kwenye mipango yako mizuri. Ufagio? Mtu amekulea, amekufundisha kujumlisha, wewe umempokonya nafasi yake ya mwisho kwa kujumlisha huko huko, halafu unataka umpe ufagio afagie chini ya meza yako? Na akishamaliza kufagia, umwonyeshe ile meza ya yule anayetafutwa? Usinichefue. Ama hilo la "amehamishwa", amehamishiwa wapi? Kiwanda cha mablanketi? Sawa, maana huko kazi ni nyingi na mtu ni mmoja.

Fungua masijala utoke. Kaa mbele ya kompyuta, rudi mpaka mwaka kilipofungwa, andika sifuri, na mwaka uliofuata sifuri, hadi huu. Chini yake andika kwa maneno ya kawaida kwamba kiwanda kilifungwa na makadirio ya awali yamefutwa, weka tarehe na saini yako, si ya kitengo. Ofisi zinazojiheshimu husahihisha hesabu za zamani kila mara na jua huchomoza. Halafu andika ile karatasi ya rufaa. Ipitishe masijala ipigwe mhuri wa kupokelewa, ili baadaye mtu asijitie hamnazo kuwa hakuiona, kisha nakala upeleke mwenyewe kwa watu wa rufaa, kwa mkono, kabla ya wikiendi. Kamanda naye akuandikie mistari miwili kuwa yupo peke yake. Hiyo ndiyo hotuba yake, na nina hakika ataitoa vizuri kuliko ile ya siri ya mafanikio.

Mkuu wa kitengo atapiga kelele. Mwache amalize. Kisha mwambie kwa upole kuwa Alhamisi waandishi wa habari watafika pale getini na kamera, na watataka kuona ndani, na kuku wanapendeza sana kwenye picha. Mwulize angependa sifuri iandikwe leo na ofisi yake, au Ijumaa na magazeti. Utashangaa jinsi atakavyokumbuka kuwa wazo la kusahihisha lilikuwa lake tangu zamani. Mpe. Na kama utapata barua ya onyo, ipokee kwa mikono miwili, maana umeifanyia kazi miaka sita. Kama ni zaidi ya onyo, hilo nalo sitakudanganya kuwa haliwezekani. Dada yako alipoteza kazi bila kosa, akaamka kesho yake akaenda kufua. Unaye wa kukufundisha.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo kazi ikiisha nenda kwake. Usipige simu, simu ndiyo imekuharibu. Usimbebee zawadi, usianze na habari za utaratibu na mkuu na jedwali, na usilie kabla yake. Kila asubuhi amekuuliza neno moja, leo usingoje aulize. Kaa karibu na mwanga, kwa kuwa miwani yake imevunjika, na umwambie, "Dada, nimempata."

Kisha tulia hapo hapo. Alisema hatamfanya kitu, anataka kumwona tu.