Nililoliweka Nuruni

Lanet, Jumatano

Kaka Thuo mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba viazi vilitoka shambani kabla mvua haijaviharibu. Sisi huku Lanet tuko salama, ila mimi kichwa kimevurugika. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeichana. Usishangae kwamba sikupiga simu. Kwa simu ningelia tu, nawe ungekata ukidhani ni mtandao unasumbua.

Unajua niliokoka mwaka jana. Wale marafiki wangu wa Milimani, wa nyama choma na kusengenya kila Jumamosi, niliachana nao, na mmoja bado hunicheka akinikuta sokoni. Siku hizi mwenzangu ni Chepkosgei, jirani yangu, mwalimu wa nasari. Kila asubuhi tunaketi jikoni kwake na chai, tunasoma mistari michache tu ya Biblia, kisha tunanyamaza. Yeye husema Neno halimezwi kama dawa, hutafunwa. Mwanzoni nilikuwa nasinzia, sikufichi. Lakini sasa mstari mmoja unaweza kunifuata hadi jioni, hata nikipiga pasi. Nilikuwa na furaha, kaka, furaha kwelikweli.

Shida ilianzia hapo hapo. Mwezi huu tulisoma juu ya kuambiana kweli, na mstari huo ukanikaa kooni wiki mbili. Chepkosgei alipouliza nina nini, nikamwambia ni tumbo. Woi! Nadanganya juu ya mstari wa kutodanganya!

Unajua kilichonikaba. Ni ile siku baba alizidiwa, ukatumwa senta, kule madukani, kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Uliporudi saa kumi baba alikuwa ameshakata roho, nawe unanuka pombe. Ukanipigia magoti nyuma ya zizi, ukaniomba niseme gari lilikwama kwenye matope. Nikasema. Mama akaamini kwa sababu mimi sikuwa mwongo. Miaka sita sasa hakuna baraza la chifu ambalo mama hajasimama kuitukana ile barabara kwamba ilimuulia mume. Nawe uliacha pombe, ukaokoka kabla yangu, na Jumapili hii unasimikwa mzee wa kanisa. Najua toba yako ni ya kweli, na hilo ndilo linanichanganya zaidi.

Basi Jumapili iliyopita tulikuwa na ushirika nyumbani kwa Mama Zeddy, kiongozi wetu. Walipouliza nani ana neno la kuweka nuruni, miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikautaja uongo wangu wote, na senta, na baa, na jina lako. Wakaimba, wakanikumbatia. Mama Zeddy akasema nimefunguliwa. Lakini Chepkosgei alinivuta kando, akaniambia dhambi yangu ningeitoa, ila ya kaka yangu ningemwachia mwenyewe. Nikamuuliza, sasa hiyo yangu ningeitenganishaje na yako? Akanishika mkono tu. Mwenzangu wa kweli ni yupi, anayenishangilia au anayenikemea? Na je, nilisimama kwa ajili ya Mungu, au nilichoka tu kubeba? Aki sijui. Nakuomba msamaha, na wakati huohuo sijuti.

Kuna jambo nimelizunguka mpaka hapa. Mama alikuwa amekuja kunitembelea tangu Ijumaa. Jumapili hiyo nilimwacha nyumbani amejilaza, magoti yanamuuma. Kumbe alichoka kukaa peke yake, akaja polepole kutufuata, akaketi kiti cha karibu na mlango, nyuma yangu. Nilipomaliza kusema nikageuka, nikamwona. Hakulia. Tangu hapo ananiongelesha mambo ya chai na nguo tu. Jana aliniambia nikuandikie yote, nisipunguze kitu, na kwamba atakuletea barua mwenyewe. Anataka kuuona uso wako ukiisoma, na amesema hatatamka neno mpaka umalize.

Msalimie wifi sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Nawaombea ninyi wawili, hapo mlipoketi.

Nimemaliza, kaka. Mwangalie mama.

Ni mimi dada yako,
Wangui